UZI: Yaya yangu (kaka yangu mkubwa) ni askari, lutuku (pombe kali ya kupika nyumbani) imemshika. Nimwambieje atafute msaada bila kumharibia kazi?

Dada_Kamalondo
Jambo wote. Niko Lubumbashi, na nimekaa na neno hili wiki mbili kabla ya kuliandika.

Yaya yangu ni ajida, cheo cha jeshi. Aliingia jeshini 2006, amezunguka Kivu, amezunguka Ituri, mwaka jana wakamrudisha huku kwetu. Tangu arudi mkono wake unatetemeka asubuhi mpaka anywe. Anakunywa lutuku, na ikikosekana anatafuta vile vifuko vya plastiki vya pombe kali. Wiki iliyopita alikwenda paredi na kandambili. Viatu vyake vya kazi aliviweka rehani kwa mama mmoja anayeuza, deni la franga elfu 15. Wenzake walimsukuma katikati ya mstari ili mkubwa asimwone miguu.

Huyu ndiye aliyenilipia masomo. Nikimgusia habari ya matibabu ananijibu, "Mimi si mgonjwa, mimi ni askari." Na mke wake, wifi yangu, naye anapika lutuku palepale kambini. Nianzie wapi?

Fundi_Redio
Pole dada. Mimi nasema nenda moja kwa moja kwa komanda wake. Jeshi ni nidhamu. Wakimweka ndani siku 10 bila tone, atakuwa amepona. Huku nje tunawabembeleza sana walevi.

Mulinzi_wa_Usiku
Jambo bakubwa. Mie niko mu kazi mpaka leo, njo maana sisemi niko kambi gani.

@Fundi_Redio, apana papa. Mutu wa jeshi haogopake dawa, anaogopa karatasi. Ukiingia ku lopitali ya kambi, jina yako inaandikwa mu kitabu, na kitabu ile mukubwa anaweza kuiomba. Kesho banakutosha ku ghala ya masasi, banakupa ufagio. Benzako nabo banakupa jina. Miaka mbili uko "ule wa lutuku", hata kama uliachaka zamani. Njo bantu banajificha.

Infirmie_Ruashi
Kabla hatujaenda mbali, mimi muuguzi naomba jambo moja lisomwe na kila mtu, hasa @Fundi_Redio.

Mtu anayetetemeka asubuhi mpaka anywe, mwili wake umekwisha kuzoea pombe. UKIMKATIA GHAFLA ANAWEZA KUFA. Ndani ya masaa 6 hadi 24 anatokwa jasho, anatetemeka, anatapika. Siku ya kwanza na ya pili anaweza kuanguka kifafa. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne anaweza kuchanganyikiwa, akaona watu wasiokuwepo, moyo ukaenda mbio, homa ikapanda. Siku 10 mahabusu bila daktari si dawa kwa mtu kama huyo. Tunamshusha taratibu, akiwa chini ya macho ya mtu wa afya, kwa diazepam iliyopimwa na vitamini B1. Na msiende kununua Valium kwenye vibanda vya dawa mumpe wenyewe, kwa maana Valium ni diazepam ileile, na juu ya lutuku inaweza kusimamisha pumzi.

Dada, usimwambie "acha leo". Mwambie "twende ukaonekane kwanza".

Fundi_Redio
Hilo sikulijua, mama. Naondoa neno langu la siku 10. La komanda bado nalishikilia.

Mwana_Likasi
Nachangia kidogo. Tunalaumu lutuku, lakini babu zetu walikunywa wakaishi miaka 90. Shida ni hivi vifuko vinavyopita mpakani Kasumbalesa. Hata Zambia wenyewe waliviona ni sumu, wakavipiga marufuku 2014.

Profesa_Kasapa
@Mwana_Likasi, ilikuwa 2012. Wenyewe waliviita tujilijili. Na babu zako walikunywa munkoyo, ambao ni mahindi na mizizi, haujapitishwa kwenye bomba. Lutuku inachemshwa na mvuke wake unakusanywa. Hivyo ni vitu viwili mbali kabisa.

Mwana_Likasi
Sawa Profesa, 2012. Lakini babu yangu alikunywa lutuku, nilikuwa natumwa chupa mimi mwenyewe!

Mke_wa_Sajini
Nimesoma nikashindwa kunyamaza, maana mimi ndiye huyo wifi mnayemzungumzia. Si huyo mwenyewe, lakini ni mimi. Nimepika lutuku kambini miaka 9.

Soldi ya mume wangu, mshahara wake, inamaliza wiki mbili, unga na makaa. Nina watoto 6 wanaosoma. Ile pipa nyuma ya nyumba ndiyo iliyolipa shule, ndiyo iliyolipa nilipojifungua kwa kupasuliwa. Mume wangu naye anakunywa kutoka pipa hilo hilo, na kila asubuhi ninapochukua kikombe chake ninajua ninachokifanya. Sasa mtu akija kuniambia "mshauri mume wako aende kutibiwa", nitasema ndiyo. Atalala lopitali wiki mbili, atarudi safi, na mlango wa kwanza atakaoufungua una harufu ya lutuku, kwa sababu nisipopika hatuli. Nani amefikiria jambo hilo kabla ya kutuandikia mabango ya "pombe ni adui"?

Dada_Kamalondo, usimchukie wifi yako. Zungumza naye kabla ya kuzungumza na kaka yako.

Dada_Kamalondo
Mama, umenishika pabaya. Nilikuwa nimemkasirikia kweli. Sikuwahi kumuuliza anauza kwa sababu gani. Aksanti.

Mtu_wa_Bukavu
Jambo toka Bukavu. Kwetu lutuku ni kanyanga, na kasiksi, pombe ya ndizi, kwa wale wapole. Naongeza upande ambao hamjautaja: bunduki.

Tarehe 30 Julai 2020, pale Sange, njia ya Uvira, askari aliyekuwa amelewa alifyatulia raia risasi. Walikufa zaidi ya 10. Nina jamaa Sange, nilikwenda matanga. Tangu siku ile, nikisikia mtu anasema "tumfichie, ni rafiki yetu", moyo wangu unaruka. Wenzake walioficha miguu yake kwenye mstari walimpenda, ninaamini hivyo. Lakini upendo wa kuficha una mwisho wake.

Infirmie_Ruashi
@Mtu_wa_Bukavu, asante kwa kulisema. Dada, ongea na rafiki yake mmoja wa kuaminika kazini. Wakati huu ambapo hali ni mbaya, silaha ilale ghalani na isifike nyumbani. Hilo ni kwa ajili ya majirani na kwa ajili yake mwenyewe, kwa sababu mlevi mwenye huzuni na bunduki chini ya kitanda anaweza kujimaliza usiku mmoja tu.

Kadogo_wa_97
Nilikuwa nasoma tu. Sasa nitaandika kirefu, mnivumilie.

Walinichukua Kivu mwaka 1996, vita ya kumwondoa Mobutu, nikiwa na miaka 13. Mwezi wa nne 1997 niliingia Lubumbashi kwa miguu na bunduki iliyonizidi urefu. Watu wa hapa walitupigia makofi na kutupa maji. Kitu ambacho hawakukiona ni kwamba usiku tulipewa bangi ili tusilie. Sitasema ni nani aliyetupa. Alikuwa naye kijana. Nilipofika miaka 20 sikuweza kulala bila bangi, na bangi ilipozoea mwili nikaongeza lutuku juu yake. Nimetoka jeshini, nimekula pesa ya kutoka, nimelala masokoni.

Mnauliza namna ya kumwambia. Mimi niliambiwa na watu wengi. Mama yangu aliniambia akilia. Padri aliniambia. Mkubwa wangu aliniambia kwa kiboko. Wote walisema kweli, na kweli yao niliijua kuliko wao. Ninachokumbuka ni mtu mmoja tu, tulikuwa naye vitani pamoja, akaacha kunywa kabla yangu. Hakuniambia kitu. Alikuwa anakuja kila siku saa kumi jioni, ile saa ninapotoka kwenda kunywa, na ubao wa kisolo, ule mchezo wa bao, mkononi. Tunacheza. Ikifika saa moja usiku anaondoka. Siku nyingine nilimtukana nikaenda zangu. Kesho yake akaja tena na ubao wake. Alifanya hivyo miezi mitatu.

Siku nilipotapika damu, yeye ndiye niliyemwita. Nilimwambia "tumbo linauma". Sikusema pombe. Tulikwenda kwa daktari kwa sababu ya tumbo, na daktari naye alikuwa na akili, akatibu tumbo kwanza siku tatu, ndipo akaniuliza habari za kikombe. Kama angeniuliza mlangoni ningetoka.

Dada, yaya yako hataki kwenda kwa sababu ya ulevi. Angalia kama atakubali kwenda kwa sababu ya mkono.

Mulinzi_wa_Usiku
Kadogo, muko mukubwa wangu. Umesema kintu yenye mie nilikuwa natafuta.

Mjumbe_wa_Injili
Shalom. Sipingi dawa, lakini mnaacha roho. Nimewaombea askari wengi. Wanakuja usiku ili wasionekane, na wanachokiungama si pombe. Wanasema nyuso, wanasema sauti ya mtoto. Pombe ni kifuniko cha sufuria. Ukiondoa kifuniko bila kuzima moto, kitachemka kimwagike. Mlete kanisani dada.

Baba_Mapacha
Mjumbe yuko karibu na jambo. Kwetu kijijini mtu aliyemwaga damu haingii nyumba ya mama yake kabla wazee hawajamwosha. Anakaa pembeni, wanamtengenezea dawa ya majani, anasema mbele yao yote aliyoyafanya, ndipo anakula na watu. Leo askari anashuka kwenye ndege asubuhi, jioni analala na watoto wake. Nani amemwosha? Mimi sishangai akitafuta pombe.

Fundi_Redio
Kuna askari wengi wanaolewa na hawajawahi kuona vita hata siku moja. Wako hapa hapa mjini, wanalinda lango. Hao nyuso gani zinawasumbua? Mimi naona ni kukaa bure. Mtu anasimama langoni masaa 12 bila kazi, atafanya nini?

Mama_wa_Katuba
Na pesa. Zamani soldi ilikuwa inapita mikononi mwa wakubwa mpaka ifike kwa askari imekwisha nusu. Wazungu wa EUSEC, ujumbe wa Umoja wa Ulaya kwa jeshi letu, walikuja 2005 kutenganisha njia ya pesa na njia ya amri, toka 2011 askari wakaanza kulipwa benki. Ilikuwa jambo zuri. Lakini sasa anatoka kuichukua mjini, peke yake, na kati ya benki na kambi kuna nganda, yaani baa, ngapi? Marehemu baba yangu alikuwa askari, nayajua hayo.

Mke_wa_Sajini
Nganda ziko nyingi, mama. Lakini ile pesa haitoshi hata kulewa. Ndiyo maana wanaweka viatu rehani.

Profesa_Kasapa
Naomba niwaletee mfano wa mbali, kwa sababu swali hili majeshi mengi yamelihangaikia. Jeshi la maji la Uingereza liliwapa mabaharia wake ramu kila siku kwa karne tatu, kama chakula, mpaka 1970. Kwa hiyo tusiseme ulevi jeshini umeletwa na askari mwenyewe.

Sasa vita ya Vietnam. Mwaka 1971 Wamarekani waligundua kwamba vijana wao wanavuta heroini kwa wingi. Wakaamuru kila anayerudi apimwe mkojo kabla ya kupanda ndege. Mtafiti mmoja, Lee Robins, aliwafuata walioondoka Septemba 1971. Karibu askari 1 kati ya 5 alikuwa mtumwa wa dawa za kulevya akiwa kule. Mwaka wa kwanza baada ya kurudi, kati ya wale waliokuwa watumwa, ni kama 5 tu kwa 100 waliorudia utumwa huo. Wengi wao hawakutibiwa. Walibadilisha mahali, wakakuta nyumba na watu wengine, dawa haipo mlangoni.

Ndiyo maana nadhani tunamtazama sana mtu na kusahau mahali alipo.

Mwana_Likasi
Kwa hiyo Profesa unasema wakirudishwa nyumbani wanapona wenyewe?

Mke_wa_Sajini
Profesa, huyo wa Vietnam alipanda ndege akaiacha heroini nyuma ya bahari. Wa kwetu akipanda ndege Bunia anashukia kwenye pipa langu.

Profesa_Kasapa
Mama, sina jibu la hilo. Na @Mwana_Likasi, hapana. Hata hapo Marekani, pombe ni hadithi nyingine kabisa. Ripoti ya Institute of Medicine ya 2012 ilionyesha kwamba wanajeshi wanaokunywa kupita kiasi kwa mkupuo mmoja walipanda toka 35 kwa 100 mwaka 1998 hadi 47 kwa 100 mwaka 2008. Pombe iko kila duka, huwezi kuikimbia kwa ndege.

Walichojaribu kinagusa neno la @Mulinzi_wa_Usiku kuhusu karatasi. Julai 2009 jeshi lao la nchi kavu lilianza jaribio kwenye kambi 3: askari anajipeleka mwenyewe kutibiwa ulevi, nje ya saa za kazi, na mkubwa wake haambiwi. 2019 wakaufanya utaratibu wa jeshi zima. Mkubwa anaarifiwa tu pale kuna hatari ya maisha au kazi yenyewe inaharibika.

Mulinzi_wa_Usiku
Ile njo tunahitaji. Lakini kwetu, Profesa, saa za inje ya kazi ni gani? Na lopitali ya inje inaomba franga ku mlango.

Mwanasheria_Kampemba
Kuhusu siri. Kifungu cha 73 cha sheria yetu ya jinai kinamwadhibu mtu yeyote anayepewa siri kwa kazi yake, daktari, muuguzi, mkunga, akaitoa nje. Ni kifungo cha mwezi 1 hadi 6 na faini. Kifungu hicho hakisemi "isipokuwa mgonjwa akiwa askari". Na sheria namba 13/005 ya tarehe 15 Januari 2013, ile ya hali ya mwanajeshi wa FARDC, jeshi letu la taifa, inazungumza habari ya matibabu yake na ya familia yake. Kwa hiyo akienda kutibiwa haombi zawadi.

Mulinzi_wa_Usiku
Sheria iko mu kitabu, na kitabu ya lopitali iko mu meza ya mukubwa. Nani atamushitaki mukubwa? Mie?

Mwanasheria_Kampemba
Nakuelewa, ndugu. Nimeandika ili mjue kinachosemwa na sheria. Kuhusu kinachotendeka, wewe unajua kuliko mimi. Kwa hiyo nasema pia: kama kuna uwezo, apelekwe nje ya kambi. Karatasi atakayopewa kazini iseme siku za kupumzika tu, haina haja ya kutaja ugonjwa.

Mtu_wa_Bukavu
Hapo Lubumbashi mna kituo cha Joseph Guislain cha mabruda wa Upendo. Huku Bukavu wana SOSAME, Goma wana Tulizo Letu. Nyumba hizo zinapokea wagonjwa wa akili na wa ulevi pia. Tatizo ni jina. Watu wanasema "amepelekwa kwa wendawazimu".

Infirmie_Ruashi
Kweli, na jina hilo linatuulia watu. Kwa hiyo wengi naanza nao hapa kwenye kituo kidogo, kwa maswali 4, yale madaktari wanayaita DETA. Umewahi kuona inafaa upunguze? Watu wa karibu wamewahi kukuambia neno kuhusu kunywa kwako? Umewahi kuona mwenyewe unazidisha? Umewahi kuhitaji pombe asubuhi ili ujisikie sawa? Ndiyo 2 zinatosha kukaa chini tuzungumze. Nawauliza wote, hata mwenye malaria, ili asiwepo anayesema "umeniona mlevi". Askari wengi wananijibu kweli kwa sababu nimeuliza nikiwa naangalia kitabu, si macho yake.

Mama_wa_Katuba
Na almoneri je? Jeshi lina mapadri, wachungaji, Wakimbangu (wa kanisa la Simon Kimbangu) na maimamu. Baba yangu hakumwambia daktari hata neno moja, lakini almoneri wake alijua yote.

Fundi_Redio
Wakimbangu hao hawagusi pombe kabisa. Labda askari wote wageuke Wakimbangu!

Msimamizi
Uzi unaendelea vizuri. Nakumbusha: majina ya watu, ya kambi na ya vikosi hapana. Nimefuta ujumbe 2.

Dada_Kamalondo
Narudi baada ya siku 8. Naandika nikiwa kwenye benchi ya hospitali.

Nilimwona wifi kwanza, kama mlivyosema. Tulilia wote wawili. Akaniambia kwamba yaya anaamka usiku anatembea kwenye parsele, uani, mpaka asubuhi, akihesabu watoto walio ndani, mmoja mmoja, mara nyingi. Akikosea hesabu anaanza tena. Nilikuwa sijui.

Jumapili mchungaji wetu alikuja akamwombea. Yaya alilia sana, akavunja chupa mwenyewe, akaapa hatagusa tena. Tulifurahi jamani, tuliimba. Mimi nilikuwa nimesoma onyo la Infirmie, na sikulisema siku ile, niliogopa kuharibu furaha. Jumatatu usiku akaanguka kifafa. Aliuma ulimi, damu ilijaa mto. Tulimbeba na taksi mpaka kituo kimoja nje ya kambi. Muuguzi wa kwanza alimsikia harufu akasema "mpelekeni akalale, amelewa", na hakuwa amelewa, alikuwa na siku nzima bila tone. Wa pili ndiye aliyesikiliza. Wamempa dawa ya kumtuliza, wamemtundikia maji na vitamini.

Usiku ule alikuwa anamwamrisha ukuta ulale chini.

Infirmie_Ruashi
Dada, asante Mungu mmefika. Usijibebeshe lawama, kazi yako sasa ni kukaa karibu. Hakikisha wanampa B1 kabla ya maji ya sukari. Uliza bila woga. Siku ya nne ikipita salama, mlima mkubwa wa mwili umepita. Milima mingine inabaki.

Mjumbe_wa_Injili
Dada, nimesoma mara mbili. Kuanzia leo, nikimwombea mtu wa namna hii nitamshika mkono nimpeleke kwa muuguzi siku ileile. Naomba msamaha kwa niaba ya sisi tunaoomba.

Fundi_Redio
Kumbe ningepewa nafasi ningemfungia mahabusu siku 10. Nimeogopa kusoma.

Mke_wa_Sajini
Wifi yako yukoje? Na bili?

Dada_Kamalondo
Wifi hajalala. Bili nusu imelipwa na mama wa kambi. Walichanga jana, wote ni wauzaji wa lutuku, hata yule aliyeshika viatu alitoa elfu 5. Nilipokea pesa ile nikiwa sijui niseme nini. Naijua imetoka wapi. Imemnunulia dawa.

Mke_wa_Sajini
Pokea. Sisi pia hatujui tuseme nini.

Mtu_wa_Bukavu
Kazini wamejua?

Dada_Kamalondo
Rafiki yake mmoja alimpelekea mkubwa karatasi ya siku 10. Imeandikwa kifafa. Mkubwa akauliza kifafa kimeanza lini mtu wa miaka 41, rafiki akanyamaza. Mpaka leo hakuna neno. Kila simu ikilia wifi anashika kifua. Silaha iko ghalani, rafiki aliihakikisha.

Baba_Mapacha
Akipona mwili, fikirieni pia habari ya kumwosha. Sisemi mwache dawa. Hesabu ile ya watoto usiku si ya pombe.

Profesa_Kasapa
@Baba_Mapacha, daktari wa akili naye angesema hesabu ile si ya pombe, kwa maneno mengine. Ila mimi bado nauliza mahali. Atarudi nyumba ileile.

Mwana_Likasi
Wifi auze kitu kingine. Munkoyo! Unauzika, hauleweshi.

Mke_wa_Sajini
Munkoyo unachacha haraka, usipouza unamwaga. Lutuku inakaa mwezi. Na chupa ya munkoyo faida yake ni ndogo sana. Lakini sijakataa. Kama tungekuwa mama watatu tunapika kwa zamu, labda. Nitamtafuta wifi huyo, Dada nitumie njia ya kumpata kwa faragha.

Fundi_Redio
Na mimi nina friza ya zamani, inafanya kazi. Naitoa. Siombi kitu.

Kadogo_wa_97
Dada, nina kibanda cha kushona viatu kwenye soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Nilikuomba faragha unielekeze kwa yule mama wa rehani. Nilikwenda jana. Deni limekwisha, lisizungumzwe. Viatu nimevichukua. Soli ya kushoto ilikuwa imeachia, nimeishona kwa uzi wa mara mbili, nimevipaka rangi. Nitavileta mwenyewe hospitali. Nitabeba na ubao.

Mulinzi_wa_Usiku
Mukubwa, siku utaenda, uniambie. Nami nitakuja. Sitasema sana. Nitakaa tu.

Kadogo_wa_97
Njoo. Tutakuwa watatu.

Dada_Kamalondo
Siku ya sita leo. Mkono umetulia kidogo, ameshika kijiko mwenyewe.

Kadogo alikuja juzi. Hawakuongea habari ya pombe hata kidogo. Yaya aliangalia soli ya kushoto muda mrefu, akauliza, "Nani ameshona?" Kadogo akasema, "Mimi." Basi wakaanza kucheza, wakicheza wakatajiana majina ya vijiji, vilima na mito, mimi nikatoka nje. Niliposhika mlango nikasikia yaya anauliza, "Wewe ulilala lini?" Sikusikia jibu.

Habari ya Guislain tumeigusa kupitia yule muuguzi wa pili. Yaya hajasema ndiyo. Hajasema hapana pia. Alisema, "Nitaangalia." Wifi amesimamisha pipa mpaka mwisho wa mwezi, baada ya hapo hajui.

Asubuhi hii nilipomletea uji aliniuliza mwenyewe: "Yule mzee wa viatu anakuja saa ngapi?"

Kadogo_wa_97
Mwambie saa kumi.